Tumerithi msitu Slovenia lakini hatukati hata mti mmoja bila bwana miti, huu ni umiliki gani?

BintiMufindi

Wakuu habari za jioni, naomba mawazo yenu maana hapa nyumbani tumebaki kubishana mezani kila siku. Mimi kwetu Mafinga, nimeolewa Slovenia huu mwaka wa saba, tunaishi karibu na Postojna. Mwaka jana baba mkwe alifariki akaacha nyumba na msitu. Sasa niliposikia msitu nikawaza yale mashamba ya mipaini ya kwetu, usiku uleule nikampigia kaka yangu nikamwambia kaka mambo yamekuwa mambo, jiandae. Kumbe msitu wenyewe ukijumlisha wote ni hekta tatu kasoro, halafu haupo sehemu moja, ni vipande vinne. Kimoja nyuma ya nyumba, viwili ng'ambo ya bonde, na cha nne hata mume wangu hakijui vizuri, anasema alipelekwa na babu yake akiwa na miaka tisa wanatafuta uyoga, tangu hapo hajarudi.

Kaka yangu kule anatoa ushauri kila siku kwa sauti za wasap. Anasema kateni yote, lipeni madeni, pandeni upya, miaka kumi na mbili mnakata tena. Mimi niliona ana hoja, kwetu ndivyo watu wanavyosomesha watoto. Nikamwambia mume wangu tutafute mtu mwenye chenso. Akanitazama kama nimesema tumuuze mama yake. Eti huku hukati mpaka bwana miti wa serikali aje, mtembee naye, achague mti huu na ule, aupige alama, halafu mpewe karatasi ya kibali. Hata wa kuni. Msitu ni wetu, jina letu lipo kwenye daftari la ardhi, mirathi tumelipia mpaka mwanasheria, lakini mti mpaka uchaguliwe!

Halafu Jumamosi nikakuta watu watatu wanachuma uyoga nyuma ya nyumba yetu, wakanisalimia vizuri tu wakaendelea. Nikamuuliza mume wangu hawa ni ndugu zenu? Akasema hapana, ni watu tu.

Wifi yangu anaishi Maribor, yeye anataka tuuze nusu yake imalizike. Mume wangu hataki kusikia kuuza. Mimi nipo katikati. Je wenye uzoefu wa misitu ya huku, tuuze, tukate, au tukae nayo tu kama picha ya ukutani? Naomba kuwasilisha.

mzee_wa_bei

Dada uza hiyo kitu njoo ununue kiwanja Kigamboni. Hekta tatu za majani na uyoga wa watu ndo nini

GogoLaKocevje

Dada Mufindi pole na msiba. Huyo hapo juu usimsikilize, hajawahi kukaa na Waslovenia, ukiuza msitu wa babu yao hiyo ndoa nayo utaiandikia uzi mwingine humu.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Kočevje mwaka wa tisa, nafanya kazi ya kukata miti kwa mkandarasi, kwa hiyo hayo unayosema nayaishi. Ngoja nikueleze taratibu maana ukielewa kilichopo nyuma yake hasira inapungua, haiishi, ila inapungua.

Kwanza hiyo hekta tatu kasoro msiione ndogo, ndiyo saizi ya mwananchi wa kawaida huku. Nchi nzima ina watu milioni mbili na kidogo na karibu asilimia 58 ya ardhi yake ni msitu, Ulaya inatanguliwa na Finland na Sweden tu au na wenzao wachache wa kubishania desimali. Karibu hekta milioni 1.2. Na robo tatu ya huo msitu ni wa watu binafsi, serikali ina kama moja ya tano, iliyobaki ya halmashauri. Sasa gawanya huo wa binafsi kwa wenyewe, mali za misitu zipo zaidi ya laki tatu, unapata wastani chini ya hekta 3. Na kama ulivyosema, haziko pamoja. Kila kizazi kiligawana, huyu kapewa kwenye mteremko yule bondeni, ili kila mtoto apate pa kuni na pa mbao na pa kulishia. Miaka mia mbili ya kugawana ndo hiyo vipande vinne vyako.

Zamani hata hivyo msitu haukuwa mwingi hivi. Mwaka 1875 ulikuwa kama asilimia 36 tu ya nchi. Uliongezeka kwa sababu watu waliacha kulima milimani wakaenda viwandani, malisho yakajiotea miti yenyewe. Yaani sehemu kubwa ya huu msitu unaosifiwa haukupandwa na mtu, ni mashamba yaliyotelekezwa. Huwa nawaambia vijana wa kazini, kwetu ukiacha shamba miaka miwili linakuwa pori na mwenyekiti wa kijiji anakuuliza, huku ukiacha miaka hamsini unaitwa mwenye msitu.

Sasa sheria. Sheria yao ya misitu ni ya 1993, baada ya kujitenga na Yugoslavia. Inasema msitu una kazi tatu, kutoa mbao, kulinda ardhi na maji na viumbe, na kuwahudumia watu. Mali ni yako lakini hizo kazi mbili nyingine ni za wote. Ndo maana mabwana miti wa kuchagua miti wote wako kwenye taasisi moja ya umma, Zavod za gozdove, na wanahudumia msitu wa serikali na wa bibi kizee mwenye robo hekta kwa mpango uleule wa miaka kumi. Na hutoi hata senti kwa kuchaguliwa miti, hilo watu husahau kusema. Bwana miti wa eneo lenu, wanamwita revirni gozdar, anakuja bure, mnatembea wote, mnakubaliana. Siyo kwamba anachagua peke yake halafu anakutupia karatasi. Ukiwa na sababu, unataka mbao za paa, unataka ada ya mtoto, unamwambia. Alama anaweka mpaka chini kwenye mzizi, ili ukishakata kisiki kibaki na ushahidi, mkaguzi akipita asikute kisiki kisicho na alama.

Ile ya kaka yako ya kufyeka kipande chote kwa mpigo huku ni marufuku, tangu mwisho wa miaka ya 1940. Hakuna cha hekta moja nyeupe. Unatoa mti hapa, kikundi kidogo pale, mwanga unaingia, miche iliyopo chini inapanda yenyewe. Kule Kočevje kuna sehemu hazijaguswa kabisa, mwaka 1892 bwana miti wa Auersperg, kabaila aliyemiliki misitu hiyo, anaitwa Leopold Hufnagel, aliandika kwenye mpango wake kwamba vipande fulani viachwe kama vilivyo. Mwenye mali mwenyewe alikubali. Leo mmoja wao, Krokar, umo kwenye orodha ya UNESCO ya misitu ya kale ya bukev (beech, mti wa majani mapana), tangu 2017. Ukiingia mle unaona mti umeanguka umeoza na juu yake imeota miti mingine mikubwa kuliko wewe. Na dubu wapo, usiende na mbwa mwenye kelele.

Kuhusu uyoga nitarudi, naenda zamu.

Njeri_Tampere

Sasa mimi niko Finland na naweza kusema system zinatofautiana kabisa hata kama zote ni nchi za miti. Huku kwetu karibu asilimia 60 ya msitu wa mbao ni ya watu binafsi, na wastani wa mtu mmoja ni kama hekta 30, kwa hiyo mtu wa kawaida ana msitu mara kumi ya huo wenu dada. Na hakuna bwana miti wa kukuchagulia. Unatuma taarifa kwa Metsäkeskus, ofisi ya serikali ya misitu, siku kumi kabla ya kukata, basi. Ukitaka kufyeka hekta tano unafyeka, ila lazima uhakikishe miti inaota tena. Majirani zangu wazee wana chama chao cha wenye misitu, kinawapigia hesabu, kinatafuta mnunuzi, wao wanapanda ndege Spain na hawajui hata chenso inawashwaje.

Lakini uyoga ni vilevile, mtu yeyote anaweza pita kwa msitu wako achume berries na uyoga na huwezi mfukuza. Mwanzo nilishangaa sana, kwetu Nyeri ukipita kwa shamba la mtu uchume kitu utafukuzwa na panga. Sasa nimezoea, mimi mwenyewe nikitoka job Agosti nashika ndoo naingia msitu wa mtu simjui hata jina.

Swali langu kwa GogoLaKocevje, kama kila mti lazima uchaguliwe, si watu wanaacha tu kukata? Maana ukiwa na hekta moja mbali na barabara, nani ataenda kusumbuka?

GogoLaKocevje

Njeri umegusa penyewe. Ndiyo, wanaacha. Hilo ndo tatizo kubwa la Slovenia kuliko ukataji haramu. Mpango unaruhusu kiasi fulani lakini wenye misitu binafsi wanakata pungufu miaka nenda rudi. Mwenyewe anaishi mjini, ana vipande vitatu, mpaka haujui, hana trekta, na akijaribu mwenyewe anaweza kufa. Sitanii hapo. Kila mwaka watu wanakufa kwenye misitu yao wenyewe, wengi ni watu wa Jumamosi, mhasibu kaazima chenso ya shemeji. Mti uliopinda ukiukata vibaya unapasuka kwa urefu unakupiga kifuani kabla hujasema mama. Zavod wanaendesha kozi za kutumia chenso kwa wenye misitu, dada mpeleke mume wako kabla ya kitu kingine chochote, nasema hivi kwa herufi kubwa KABLA.

Finland msitu ni biashara yenye bustani. Slovenia ni akiba ya familia, watu wanasema msitu ni benki, ukioa unatoa kidogo, ukijenga paa unatoa kidogo, mtoto akienda chuo unatoa kidogo. Ndo maana sheria ya 1993 iliwapita bila fujo kubwa.

Uyoga sasa. Msitu uko wazi kwa kila mtu, wako na wa Kanisa na wa serikali. Kuchuma kunaruhusiwa kilo 2 kwa mtu kwa siku. Ukiwaona wamejaza magunia kwenye gari hao ni wafanyabiashara, hao piga simu. Wakiwa na kikapu, salimia. Na pikipiki kuingia nje ya barabara hairuhusiwi, hilo nalo unaweza kulalamika.

BintiMufindi

Asante sana kaka Gogo, nimemsomea mume wangu akacheka kuhusu mhasibu kwa sababu yeye NI mhasibu.

Lakini kuna jipya. Leo imekuja barua rasmi. Inasema kwenye kile kipande cha ng'ambo ya bonde miti ya smreka (ile jamii ya mipaini) ina lubadar na tunatakiwa kuikata na kuitoa ndani ya muda walioandika, tusipofanya watafanya wao na gharama ni juu yetu. Sasa si mlisema hatuwezi kukata? Mwezi uliopita ni marufuku, mwezi huu ni lazima! Kaka yangu nimemwambia anasema hao wanawachezea.

GogoLaKocevje

Hawawachezei dada, fanyeni HARAKA.

Lubadar ni mdudu mdogo anaingia chini ya magome ya smreka anachimba njia na kutaga. Ukienda shinani utaona unga wa kahawia kama kahawa ya kusaga umemwagika kwenye magome na kwenye utando wa buibui. Ukiuona huo mti umeshakufa, haujajua tu. Kinachotakiwa ni kuutoa kabla watoto hawajaruka kwenda kwa jirani, maana wakiruka wanaua ishirini. Ndo sababu barua ina tarehe. Siyo kukukomoa, ni kama ukiwa na kuku wana kideri halafu banda la jirani liko mita kumi.

Postojna hapo kwenu ndo mlipigwa hasa. Mwishoni mwa Januari 2014 mpaka Februari ilinyesha mvua inayoganda ikigusa kitu, wanaita žled. Matawi yakabeba barafu unene wa mkono, miti ikavunjika kama njiti za kiberiti. Nguzo za umeme zikalala, watu wakakaa gizani siku kadhaa. Misitu iliyoharibiwa ilikuwa karibu nusu ya misitu yote ya nchi na mbao zilizoanguka kama mita za ujazo milioni 9, kwa mpigo. Mimi nilikuwa sijafika lakini wazee kazini wanasema usiku ule kulikuwa na milio kama bunduki, mti mmoja baada ya mwingine mpaka alfajiri. Sasa smreka zilizovunjika zikabaki chini kwa sababu wenye misitu walikuwa laki kadhaa na wengine hawajui hata walipo, lubadar akapata karamu. Miaka iliyofuata akala smreka zilizosimama. Desemba 2017 ukaja upepo, Julai 2023 dhoruba tena.

Na kosa lingine ni la zamani. Smreka nyingi zilipandwa mabondeni sehemu ambazo kiasili ni za bukev, kwa sababu mbao zake zinanyooka na zinauzika. Jua likizidi na mvua ikipungua zinachoka, mdudu anajua. Kwa hiyo dada msirudishie smreka tupu kwenye hicho kipande, muulizeni bwana miti, mara nyingi miche ya kupandwa kwa mpango wake inalipiwa na bajeti ya umma.

Magogo yenye lubadar bado yanauzika, bei iko chini lakini siyo bure. Angalieni sana mtu wa kuyatoa. Mwaka juzi bibi mmoja jirani yangu alikubaliana kwa mdomo na jamaa mmoja wa trekta, jamaa akamwambia nitakupimia magogo kiwandani. Akapima kweli, yaliyofika kiwandani, siyo yaliyotoka msituni. Pimeni nyie, pembeni ya barabara, kila gogo urefu na unene wa katikati, pigeni picha, andikeni.

Mwinyi_Trieste

Assalam alaykum nyote. Nimesoma uzi huu toka mwanzo na mimi nina la kusema kwa sababu nakaa Trieste na Slovenia ni dakika kumi kwa gari, kila Jumapili niko huko.

Ndugu yangu Gogo anaeleza vizuri lakini anaipamba. Hebu tuseme ukweli, mtu hawezi kuchagua mti wake, hawezi kumfukuza mchuma uyoga, akipata barua lazima akate, asipokata anatozwa, na barabara ya msitu bado anailipia ada ya matengenezo kila mwaka. Hapo kilichobaki kwake ni nini? Kwetu Unguja tungesema huyo ni mlinzi mwenye hati. Na magogo mazuri yanapandishwa lori yanakwenda Austria na huku Italia, mimi nayaona mpakani, yakirudi ni meza na vitanda. Hilo nalo ni la kusifu?

GogoLaKocevje

La magogo nakubali kabisa Mwinyi, hata wao wenyewe linawauma. Baada ya 2014 mbao zilikuwa nyingi kuliko viwanda vya kupasulia vilivyobaki, Waaustria wakanunua. Mwaka 2016 serikali ikaanzisha kampuni yake kuendesha misitu ya serikali, SiDG, sababu mojawapo ni hiyo hiyo, magogo yapite kwanza viwanda vya ndani. Ila hiyo ni ile moja ya tano. Robo tatu ya binafsi kila mtu anauza anapotaka, na hapo ndo umiliki ulipo bwana Mwinyi. Pesa ya gogo ni yako. Kuni ni zako. Hakuna mtu anaweza kuja kujikatia miti yako. Kuuza, kurithisha, kuweka rehani, ni wewe.

Mwinyi_Trieste

Hayo sawa. Lakini nikupe mfano wa upande wa pili, na huu unaniunga mkono na kunipinga kwa wakati mmoja. Karst hapa juu ya Trieste, miaka mia na sabini iliyopita ilikuwa mawe matupu, meupe, kondoo na mbuzi wamemaliza kila kitu na ule upepo mkali wa huku unaoitwa bora umepeperusha udongo. Mtu aliyeandika mpango wa kuipanda miti ni Josip Ressel, yule yule wa propela ya meli, kazi yake hasa alikuwa bwana miti. Alikufa bila kuona. Mwaka 1859 ndipo msonobari mweusi ulipokubali kushika, hapa Bazovica, kwa mkono wa Josip Koller. Wakapanda na kupanda. Wenye malisho hawakupenda khasa, waliona wananyang'anywa. Leo mtu akija anasema mashaallah msitu.

Halafu Julai 2022 ukawaka. Zaidi ya hekta 3,000 upande wa Slovenia, moto mkubwa kuliko wote kwenye historia yao. Mimi niliona moshi dirishani kwangu kwa siku nyingi. Na kilichotisha zaidi, wazima moto walikuwa hawawezi kuingia baadhi ya sehemu kwa sababu mabomu ya Vita vya Kwanza bado yamo ardhini, ule ulikuwa uwanja wa mapigano wa mto Soča, moto ukipita yanalipuka. Miaka mia moja yamelala. Nauliza sasa, hapo mwenye kipande cha hekta moja angefanya nini peke yake? Kwa hiyo naona nimejijibu mwenyewe, nisameheni.

fundi_Lindi

Naingilia kidogo. Watu mnaongea kama hiyo ya kuchagua mti ni ya Wazungu. Huku Kilwa vijiji vinamiliki misitu yao kwa sheria ya misitu ya 2002, kijiji kinakaa, kinapanga mipingo mingapi na mininga mingapi itoke, yanapigwa nyundo, hela inaingia kijijini. Kuna vijiji vilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri, tangu 2009. Tofauti ni kwamba msitu ni wa kijiji siyo wa mtu. Mafinga mmezoea mipaini ambayo ni zao kama mahindi, na hata hayo mahindi mnavuna mabichi, wataalamu wanasema paini iende miaka 18 nyie ya kumi tayari ipo kwenye lori, halafu mnalalamika bei.

BintiMufindi

Fundi umenipiga pabaya lakini ni kweli 😂

Nina swali moja la mwisho, nusu ya wifi. Nimeambiwa hatuwezi kugawa vipande?

GogoLaKocevje

Kipande cha msitu kilicho chini ya hekta 5 sheria hairuhusu kukikata vipande zaidi, ila kwa sababu chache maalum. Ndo maana mnaandikwa wote wawili kwenye kila kimoja, kila mtu nusu hewani, hakuna anayejua nusu yake ni ipi. Mna njia mbili za amani. Kwa kuwa vipande ni vinne, mnaweza kubadilishana, yeye achukue viwili vizima nyie viwili vizima. Au mnunue nusu yake. Na hata akitaka kumuuzia mtu baki, tangazo linabandikwa kwanza ofisi ya upravna enota (ofisi ya serikali ya eneo) siku 30 na mwenye hisa mwenzake ndiye wa kwanza kwenye foleni, kwa hiyo hamuwezi kuamka mkamkuta mgeni humo. Msigombane na wifi kwa ajili ya hekta moja na nusu.

Ila kabla ya yote tafuteni bikoni. Mkiongea bei bila kujua mpaka mtakuwa mnauziana mti wa jirani.

BintiMufindi

Wakuu nimerudi na mrejesho, wiki tatu zimepita.

Bwana miti alikuja, kijana mpole tu, ana kopo la rangi na nyundo kiunoni. Tulianza na kile cha lubadar, miti kumi na moja, na ule unga wa kahawia niliuona kwa macho yangu. Jamaa wa trekta tulimpata kwa jirani, tukapima wenyewe barabarani kama Gogo alivyosema, mume wangu kwenye kupima hana mchezo, aliandika mpaka sentimita na akatengeneza jedwali la Excel. Kozi ya chenso ameshajiandikisha, kukata hajakata, kazi amefanya mtu wa kazi.

Halafu tukaenda kutafuta cha nne. Tulizunguka nusu siku na ramani kwenye simu. Bikoni ya kwanza ilikuwa chini ya majani na kuvu la kijani, jiwe limechongwa msalaba juu, mume wangu alipiga magoti akalifuta kwa mkono akanyamaza muda mrefu. Za kuonekana ni mbili, nyingine mbili bado. Ndani yake tukakuta rundo la kuni limepangwa vizuri sana, siyo letu. Tukasema haya, mwizi. Tukaulizia kijijini, kumbe ni mzee mmoja wa miaka themanini na kitu, amekuwa akichukua kuni pale kwa makubaliano na marehemu baba mkwe, kwa mdomo, miaka ishirini, na yeye kwa upande wake alikuwa anaangalia msitu na kumpigia simu mti ukianguka. Hicho kipande ni bukev karibu yote, minene, siwezi kuizungushia mikono. Mzee alilia alipomwona mume wangu, akasema unatembea kama babu yako. Kuni tumemwachia.

Wifi alikuja wikendi iliyofuata tukampeleka huko. Amesema ngoja kwanza.

Jana nikampigia kaka kumpa habari, akauliza haraka haraka, mmekata mingapi? Nikamwambia ile kumi na moja ya wadudu, na bwana miti ametupigia alama sita mingine ya kuni na mbao za ghala. Akasema jumla kumi na saba? Nikasema ndiyo. Akauliza, kumi na saba elfu?